Mgongo wa Jani

Mwenye bucha la kona alikuwa na vidole vinene kama ndizi mbivu, na kwa vidole hivyo hivyo alichonga majani ya mbao membamba mno: ukiliinua moja dirishani, unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Waliosikia hawakuamini. Waliokuja kujionea waliondoka wakiitazama mikono yao wenyewe, kana kwamba imewaficha kitu miaka yote.

Kazi hiyo ilimjia kwa bahati mbaya. Aliteleza kwenye mafuta ya ng'ombe mlangoni mwa jokofu, akavunjika mguu, akalazimika kukaa nyumbani wiki kumi. Mtu aliyezoea kusimama kutwa akipasua mifupa, ukimkalisha kitini atawatafuna walio nyumbani. Mkewe alikuwa karani wa posta na hakuwa na muda wa kubembeleza watu wazima. Alimtupia kisu cha kumenyea na kipande cha ubao wa kreti la nyanya.

"Shika, Baba Pacha. Ukichoka kunung'unika, chonga."

Akachonga kijiti. Kijiti kikawa kikonyo, na kikonyo nacho kikadai jani. Mguu ulipona, ila ugonjwa huo mwingine ukakita mizizi. Wanawe pacha walipokwenda shule ya bweni, aliteka chumba chao: meza chini ya dirisha, kisu kilichonolewa hadi kikabaki kama unyoya, sindano iliyochomekwa kwenye kigunzi cha hindi, msasa uliogandishwa kwenye kijiti cha meno, na kifuko cha mchanga cha kulazia kazi ili isivunjike anapoikandamiza.

Hakuchonga waridi. Waridi, alisema, lina watetezi wa kutosha. Alichonga magugu, mchicha, na sasa mharage mzima unaopanda kijiti, wenye majani tisa yaliyokaa matatu matatu, ua moja na kitumba kidogo. Ulimchukua mwaka na miezi minne. Jumamosi ungekwenda kwenye maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa maktaba, naye hakuwahi kuonyesha kitu chochote popote zaidi ya paja la ng'ombe.

Lakini jicho alilolihofia halikuwa la watu wa maktaba. Lilikuwa la mama mkwe, na lilikuwa limekwisha kuzimika.

Mama huyo aliuza miche kwa miaka arobaini. Presha ya macho ilipommaliza, bintiye alimleta kuishi nao. Zamani, siku Baba Pacha alipokwenda kuposa, mama aliitazama mikono yake akasema, "Haya ni makoleo. Binti yangu si boriti." Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Miaka ishirini na moja ilikuwa imepita na neno hilo alikuwa bado nalo, kama mwiba uliozama usiotoa usaha wala kutoka. Alitamani mama aseme jingine. Pia aliogopa kumpa nafasi ya kusema.

"Nasikia umechonga mharage," mama alimwambia wiki ya kwanza.

"Ndiyo, mama. Kitu kidogo tu."

"Niletee niuone."

"Unavunjika upesi, mama."

"Na mimi navunjika upesi, mbona mmenileta?"

Akasingizia gundi. Wiki iliyofuata akasingizia gundi tena. Ya tatu mama alipiga meza kwa kiganja. "Gundi gani hiyo? Unaunganisha mharage au bara?"

Jumatano jioni mkewe aliweka vyombo chini. "Baba Pacha, watu baki wote wauone, mama yangu tu asiuone?"

Hapo hapakuwa na gundi ya kusingizia. Aliuleta ndani ya boksi la viatu lenye pamba, akauweka mbele ya mama, akabaki amesimama kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Vidole vya mama vilianzia chini. Vilipanda shina polepole, vikapita fundo kwa fundo, vikahesabu majani matatu, matatu tena. Vilipofika kwenye ua alitabasamu, na moyo wa Baba Pacha ukaruka kamba. Kisha mama akapitisha kidole chini ya jani, akasita.

"Baba Pacha."

"Naam, mama."

"Nyuma kumekwenda wapi?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya jani. Mbele umeweka mishipa yote, sijakosa hata mmoja. Nyuma kunateleza kama kigae cha bafuni." Alisugua tena, labda amekosea. Hakuwa amekosea. "Jani mishipa yake iko mgongoni, mwanangu. Mbele huzama, nyuma huinuka, ndiyo inayolishikilia. Hili lako ni picha ya jani."

Alisema bila ubaya, kama anayemwambia mteja kwamba mche wake umekosa maji. Ndiyo maana liliuma zaidi.

Kesho yake bucha zima lilijua kuna jambo. Aliyeagiza mbavu alipewa maini. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alipopata habari kamili, alicheka hadi akadondosha nyundo.

"Nani atatazama mgongo wa jani, bwana? Umeshaona mtu akigeuza picha ya harusi aone upande wa pili kukoje?"

Alisema kweli. Lakini mchana Baba Pacha alinyoosha mkono juu ya ua wa jirani, akachuma jani la mharage, akaligeuza, akafumba macho, akalipapasa. Mwaka na miezi minne alilichonga jani likiwa limelala chali juu ya kifuko cha mchanga. Hakuwahi kuliuliza limelalia nini.

Basi Ijumaa saa sita alifunga bucha. Shida ilikuwa moja: ili mishipa iinuke ilibidi mbao iliyo katikati yake ipunguzwe, na mbao yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba kama ukucha. Akatandika pamba juu ya mchanga, akalaza jani kifudifudi. Mama akavuta kiti, akakaa ubavuni pake bila kuombwa.

"Bado," alisema, akipitisha kidole chake kidogo mgongoni mwa jani. "Huu wa katikati umekuwa kamba ya kufungia ng'ombe. Punguza... punguza... hapo! Acha!"

Saba yalipita salama. La nane lilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyetafuna karanga, na nusu yake ikaanguka mezani.

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama," alisema Baba Pacha, "limevunjika."

"Nimesikia." Mama alitafuta jeraha kwa kidole, akalipapasa ukingo wote. "Hapa pazungushe. Hapa toa meno meno, madogo. Limeliwa na kiwavi."

"Kiwavi?"

"Miaka arobaini nimeuza miche. Ukiona mharage wenye majani yote mazima, huo ni wa plastiki."

Baba Pacha alicheka mpaka mkewe akamwamuru atoke mezani kabla hajammalizia kiwavi kazi. Aliporudi alichonga meno, halafu akalimaliza la tisa. Mama aliupokea mharage, akaupapasa kuanzia chini hadi juu, mbele na nyuma, bila haraka yoyote. Kisha akauweka chini.

"Mche huu ningeuuza," alisema.

Baba Pacha alitoka uani kuosha kisu ambacho hakikuwa na uchafu wowote. Alikiosha muda mrefu.

Jumamosi mkutubi aliwapa meza iliyoegemea ukuta. Baba Pacha akaikumbatia peke yake, akaivuta katikati ya ukumbi ili watu waweze kuizunguka. Mama alikaa kando kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Watu walikuja, wakainama mbele, wakazunguka, wakainama nyuma, na nyuma ndiko walikokaa zaidi. Fundi viatu naye alikuja, akasoma mgongo wa kila jani kama anayetafuta deni lake.

"Nani tena amekula hili?" aliuliza.

"Kiwavi," mama alimjibu kutoka kitini. "Na msimpige dawa. Ni wa kwetu."