Mashine Iliyoingia Chumbani kwa Mama

Kwetu, juu ya mji wa Embu, pale mashamba ya majani chai yanapopakana na msitu, mwezi wa saba hauna jua. Si kwamba mvua inanyesha, ingenyesha ingeisha. Kuna ukungu na manyunyu tu, asubuhi hadi jioni. Nguo ukiianika Jumatatu, Alhamisi unaianua na maji yale yale, imeongeza harufu. Sisi tumezoea. Tunavaa soksi zinazokaukia miguuni na maisha yanaendelea.

Nami ningeendelea kuvaa soksi mbichi bila kumsumbua mtu, lakini mama alipata kiharusi. Upande wake wa kulia ulilala, ulimi ukabaki mzima, na uwezo wa kubana mkojo ukaenda usirudi. Nesi wa zahanati alituambia jambo moja tu, akalirudia mlangoni akiondoka: mgonjwa asilalie unyevu. Ngozi ya mzee ikikaa kwenye maji hufunguka, na ikishafunguka hatutaweza kuifunga. Wakati huo mgongo wa mama ulikuwa tayari na kidonda, kidogo kama kifungo cha koti. Mimi sikukiona. Niliambiwa.

Sikukiona kwa sababu mimi ni mwanamume, na mwanawe. Kwetu mvulana akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala mama yake. Hakai kitandani pake, hagusi matandiko yake. Hakuna aliyenisomea sheria hiyo. Nilitoka jandoni nikaukuta ule mlango umefungwa, ingawa haukuwa hata na ubao, pazia tu. Niliishi naye nyumba moja miaka yote hiyo, sikuoa, na sikujua kitanda chake kinatazama upande gani.

Aliyemhudumia mama ni jirani yetu, mama wa kikundi cha kanisa, ambaye tulimpa kitu kidogo kila mwezi. Alikuja asubuhi akamwosha na kufua, akarudi jioni akambadilisha tena. Zile pampers za watu wazima tulijaribu. Mama alizivua kwa mkono wake mmoja mzima akazitupa sakafuni. "Mimi si mtoto wa mtu," alisema. Tukabaki na mashuka, na karatasi ya nailoni juu ya godoro.

Dada yangu ameolewa Ishiara, kule chini kwenye joto, na kwake nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika. "Si mumlete tu huku," alisema mara ya kwanza, halafu akanyamaza mwenyewe, maana alijua. Mama mkwe hawezi kwenda kulala nyumbani kwa mkwe wake na kuoshwa humo, mkwe akisikia maji yakimwagika. Mama angekubali kufa kwanza. Basi yakasafiri mashuka badala yake. Dada alikuja akabeba gunia la mashuka mabichi hadi Ishiara, akalirudisha limekauka na vijiti vya miiba ndani. Nauli ikatushinda. Nikanunua mashuka mengine, nikifikiri nimetumia akili, na nilichopata ni mashuka mengi zaidi yasiyokauka.

Kilichoniudhi ni kazi yangu. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani chai. Napima majani yanayochuruzika maji, lori linayachukua, na kiwandani yanakaushwa yote, majani ya kata nzima, hadi yanavunjika mkononi. Nami nyumbani nashindwa na shuka moja. Nilianza kuliangalia lile lori kwa wivu, na ninajua jinsi hilo linavyosikika.

Ndipo nikaingia duka la vyombo vya umeme mjini Embu kuulizia mashine ya kukaushia nguo. Muuzaji aliniangalia viatu kwanza. Mbele kulikuwa na mashine kubwa ya bei nafuu, yenye bomba nene la kutoa mvuke nje.

"Hii ni cheap, boss, lakini stima itakumaliza," alisema. "Inachoma hewa, inaitupa nje, inachoma ingine. Tokeni zako zitaisha na nguo bado."

"Na hii nyingine?"

"Hii sasa ni heat pump. Ni kama friji, lakini imegeuzwa. Joto haitupi, inalizungusha hilo hilo. Maji ya nguo yanaingia kwa hii tangi, unamwaga. Haihitaji bomba, haitoboi ukuta. Inaenda polepole, lakini stima inakula kidogo sana."

Hilo la polepole nililielewa, sisi wote ni wa polepole. Bei ndiyo ilinifanya nitafute mahali pa kushika. Nilizunguka maduka mengine mawili, nikasoma stika za nyota za kuonyesha ulaji wa umeme kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe, nikauliza inayobeba kilo pungufu, nikauliza iliyotumika. Ile iliyotumika ilikuwa na kutu mlangoni na muuzaji hakuweza kuiwasha. Nilirudi duka la kwanza. Nilimuuza mtamba wangu, nikanunua ile ndogo ya pampu ya joto. Muuzaji aliniuliza kama itakaa ndani ya nyumba ya kawaida. Nikasema ndiyo. Kwangu stoo ni nyumba ya kawaida.

Mama aliisikia ikishushwa. Aliniita kutoka chumbani, nami nikasimama nje ya pazia lake kama kawaida.

"Ni nini hiyo?"

"Mashine ya kukausha nguo, mama."

"Wenzako wanaleta bibi. Wewe unaleta mashine." Akatega sikio nje. "Na mtamba mbona simsikii?"

Nikaondoka pale kwenye pazia.

Stoo yetu iko karibu na jiko la nje. Ina soketi nzuri, kwa hiyo niliiweka humo, kati ya magunia ya mahindi. Siku ya kwanza ilinguruma tangu jirani alipoiwasha hadi jioni, na mashuka yakatoka na unyevu ule ule wa kwenye kamba, yamepata joto kidogo tu. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilimpigia muuzaji simu.

"Iko wapi?" akauliza.

"Stoo."

"Hiyo stoo ina baridi?"

Nilitazama pumzi yangu ikitoka mdomoni. "Kiasi," nikasema.

"Sasa boss, hiyo mashine haina moto wake. Inatafuta joto kwa hewa. Kama hewa ni ya friji, itatoa wapi? Weka room iko na joto."

Ningekasirika, lakini kweli aliniuliza, nami nikajibu. Nilizunguka nyumba nikitafuta hiyo room. Sebule haina dari; baridi hushuka kutoka kwenye mabati moja kwa moja, na soketi yake hutoa cheche ukiigusa. Chumba changu hakina soketi kabisa. Chumba chenye dari, chenye soketi nzima, na chenye dirisha linalofunga vizuri kilikuwa kimoja. Baba alikijenga vizuri kuliko vingine kwa sababu kilikuwa chake na mama.

Jirani alimtoa mama akamkalisha sebuleni na blanketi. Nikawaita vijana wawili wa bodaboda waibebe mashine. Wakaingia na matope yao kwenye chumba ambacho mimi sijakikanyaga tangu ujana, wakauliza iwekwe wapi, nami nikasimama upande wangu wa pazia nikielekeza: isogezeni, isiguse ukuta, sivyo, upande ule. Sikujua upande ule ni upi. Mama alinitazama kutoka kwenye kiti chake akacheka kwa nusu ya uso.

Huko ndani mashine ilifanya kazi. Jirani aliijaza kabla ya kuondoka, ikanguruma mchana kutwa kwa sauti ya chini, na ikimaliza ilipiga wimbo mfupi. Usipoifungua ilirudia wimbo huo, na kuurudia. Chumba chenyewe kilipata uvuguvugu. Jirani aliniambia kidonda kimeanza kukauka pembeni. Kwa wiki kadhaa nilimwaga maji ya lile tangi, ambalo jirani alinipitishia mlangoni, na kila mara nilishangaa kwamba yote hayo yalikuwa ndani ya mashuka ya mama.

Halafu ikaja siku ya mazishi ya mwenzao wa kanisani, kule Gachoka. Jirani alikuwa kwenye kamati, hangeweza kukosa. Aliniahidi kurudi mapema. Alasiri nikiwa nimetoka kwenye mizani, alinipigia.

"Tumekwama huku, barabara imekatika. Hata sijui tutatoka saa ngapi. Mama umemwangalia?"

Umemwangalia. Nilikata simu nikasimama sebuleni. Mashine ilikuwa imemaliza, inapiga wimbo wake. Upande ule wa pazia kulikuwa kimya, na nilimjua mama: akiwa mkavu huongea na redio.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Umelowa?"

Mashine ikapiga wimbo.

Nilitoka nje kutafuta mwanamke. Nasema ninavyokumbuka. Nilienda nyumba ya kwanza, wamefunga, wako mazishini. Ya pili vivyo hivyo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti ya ua na njia nzima haikuwa na mtu. Nikampigia dada Ishiara.

"Ingia," akasema.

"Siwezi."

"Nani atakuona?"

"Yeye."

Nilisikia kuku wake, na jua lake pia, kama jua linaweza kusikika. "Sasa mimi nitafanya nini nikiwa huku?" akasema, na sauti yake ikavunjika. Nikakata simu.

Nilirudi nikaketi kwenye kiti karibu na pazia. Mashuka makavu yalikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa karibu na kitanda kiasi kwamba mtu mwenye mikono miwili angeyafikia akiwa amelala. Mama alikuwa na mmoja. Mimi nilikuwa na miwili na sikuweza kuvuka kitambaa. Niliuza mtamba, nikajifunza habari za nyota na pampu, nikabishana na wauzaji, na mama yangu alikuwa amelala kwenye mkojo kando ya mashuka yaliyokauka vizuri kabisa. Nililia. Nililia kwa mdomo uliofungwa ili asisikie, na nadhani alisikia.

Wimbo ulirudia, ukarudia tena. Kisha mama akasema, si kwa nguvu:

"Nimejifunika uso. Ingia."

Nikavuta pazia. Kitanda kilitazama dirishani. Alikuwa amejivutia leso usoni, ile ya kanisani, na ameishika pale kwa mkono wake mzima. Nilifungua mashine, mashuka yakaniangukia mikononi yakiwa na joto. Sikujua shuka linatolewaje chini ya mtu. Nilivuta, likakwama. Kutoka chini ya leso akasema, "Anza na bega. Nigeuze. Sasa lisokote hadi katikati." Nikafanya alivyosema. Alikuwa mwepesi mno. Nilikiona kidonda, kimebaki kama mbegu ya mpapai, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa nyekundu na mbichi. Nikaifuta nailoni, nikatandika shuka jipya, na alipolilalia lile joto alivuta pumzi ndefu. Nikamfunika. Leso haikusogea hata kidogo.

Nikatoka, nikarudisha pazia, nikaketi kwenye kiti changu na lile shuka lililolowa mapajani.

Baada ya muda nikasikia redio ikiwashwa, kisha ikipunguzwa.

"Ni nani amenibadilisha?" akauliza, kama mtu anayeuliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Nililikunja lile shuka lililolowa.

"Ni mashine, mama."

"Aya," akasema. "Iambie asante."