Jina la Baba Mkwe

Mvua zikikolea, bonde letu chini ya Chimala lilifunikwa na maji, na kila kilima kilichobaki juu tulikiita kisiwa. Kila kisiwa kilikuwa na watu wake na siri zao. Kivuko kilipo hukumwambia jirani, sembuse serikali.

Katika miaka ya hamsini wakaja wapimaji na karani wao kutoka Iringa. Walitaka watu wa visiwa vyote wakae pamoja, wapatane, kila mahali pawe na jina moja kwenye ramani moja. Maneno matamu hivyo, kwa faida ya nani? Tulikuwa tumeshasikia habari za watu waliopimiwa asubuhi, jioni wakaambiwa wahame. Mimi hata tabasamu la yule karani sikuliamini.

Babu, mzaa baba, ndiye aliyetangulia kujenga kwenye kisiwa chetu, nacho kikachukua jina lake. Akatukataza kulitaja: ukimtajia mpimaji jina la ardhi, umemkabidhi. Baba alikuwa machimboni Chunya. Na mama, kwa desturi yetu Wanyakyusa, hakuruhusiwa kulitamka jina la baba mkwe wake, wala kukutana naye uso kwa uso. Kisiwa alikiita “pale kwetu” tu.

Siku ya mkutano wa kuandikisha majina pale Chimala, mzee wa kisiwa jirani, mjanja yule, alisimama wa kwanza. Akakitaja kisiwa chetu kwa jina la ukoo wake, akasema ni malisho yake ya tangu zamani. Karani akauliza kama yuko mwenye jina jingine. Babu akatazama chini. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha babu kilikuwa kinatuuza, na nilimkasirikia mpaka machozi yakanitoka. Lakini mimi mtoto, tena wa kike, neno langu nani angeliandika?

Karani akachovya kalamu. Hapo mama, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake, akasimama. Akawapa wanaume mgongo, akajifunika kanga, akalitaja jina la baba mkwe wake. Karani hakusikia vizuri. Mama akalirudia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Wanawake wakaziba midomo. Mzee jirani akabisha, lakini wazee wa visiwa vingine, ambao hawakuwahi kupatana kwa lolote, wakakubali kwamba jina ni hilo. Likaandikwa.

Nyumbani mama alifunga mzigo wake, akangoja kurudishwa kwao. Babu akaniita, akasema kwa nguvu ili asikike upande wa pili wa ukuta:

“Mwambie mama yako afungue mzigo. Jina amelichukua yeye, basi alilinde.”

Kisiwa tulibaki nacho. Ila babu, ukimwita kwa jina lile, hakuitika tena mpaka tunamzika.