Kitanda Kilichomtoa Mama Jicho

Admin, nisitiri jina. Mimi ni mama wa miaka sitini na kidogo, mjane, naishi Tabora mjini na baba yangu mzazi, aliyepooza upande wa kulia. Juzi mliuliza hapa nani anatandika kitanda kila siku na kwa nini. Wengi mkacheka. Mimi nililia, mjukuu wangu akaniuliza bibi una nini.

Enzi za Ujamaa tulihamishwa kutoka mashamba yetu ya tumbaku huko porini Sikonge, tukapelekwa kijiji kipya. Baba akachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Cheo kikampanda kichwani. Alitaka nyumba yetu iwe mfano: uwanja umefagiwa, choo safi, vitanda vimetandikwa kabla watu hawajaenda shamba la kijiji.

Siku moja viongozi wakaja kukagua nyumba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mchanga, homa imemshika, na mama alikuwa amemlaza kwenye kitanda chake na baba. Mashuka yamevurugika, mtoto ametapika. Kiongozi akachungulia, akamgeukia baba mbele ya watu: "Balozi, na kwako ndiyo hivi?" Watu wakacheka.

Wageni walipoondoka tu, baba akachukua mchi wa kinu. Mama akasema, "Mume wangu, mtoto anaumwa, ningemwamshaje?" Baba akamwinulia mchi. Pigo la kwanza lilimvunja mkono. La pili lilimpata usoni. Nilisikia mfupa, ndugu zangu, mpaka leo nausikia. Nikamuuma baba mguuni kwa nguvu zangu zote, akanirusha ukutani. Aliyetuokoa ni jirani, mama mmoja wa Kisukuma. Alisimama mlangoni na panga: "Mguse tena nikukate, balozi au si balozi!" Baba akautupa mchi, akatoka nje.

Mama alipelekwa hospitali kwa baiskeli, damu inachuruzika njia nzima. Jicho la kushoto halikupona. Akarudi kwa mumewe, angeenda wapi? Tangu hapo, hata akiugua, alitandika kwanza ndipo anawe uso. Alikufa hivyo hivyo, hajawahi kuombwa msamaha.

Sasa baba yuko kwangu, na kila asubuhi mimi ndiye namtandikia. Wiki iliyopita akatazama shuka, akasema, "Limekunjamana. Mvivu kama mama yako." Akanichapa fimbo kwa mkono wake mzima. Nilimnyang'anya ile fimbo, nikaivunja gotini, nikajikuta nimemsimamia na kipande kimeinuliwa juu ya kichwa chake. Baba akajikunyata, akajifunika uso. Nikakitupa nikakimbilia uani. Wallahi nilitaka kumpiga.

Nimempigia simu mdogo wangu, yule aliyekuwa na homa, nikamwambia njoo umchukue baba, nitamuua. Akanijia juu: "Dada, huyo ni mzazi! Utapata laana. Kakukosea nini mzee wa watu?" Yeye anaamini mama aliumia kwa kuanguka kisimani. Ndivyo mama alivyotuamuru tumwambie, asijione yeye ndiye chanzo.

Jumamosi anakuja, anamletea baba godoro jipya. Nimwambie mdogo wangu ukweli, nimvunje moyo ukubwani hivi? Au ninyamaze niendelee kumtandikia mtu huyu, nikijua mkono wangu unaweza kuinuka tena? Nishaurini jamani, naogopa.