Tonton Bolila na Kichwa cha Samaki

Enzi zetu hapa Kisangani, filamu ilikuwa shuka jeupe lililotundikwa kwenye ukuta wa ghala, karibu na bandari ya Makiso. Tulikaa chini vumbini, moshi wa samaki wa kubanikwa ukitupitia puani, jenereta ikikohoa nyuma yetu. Watu wa kwenye shuka walisema lugha zao. Hatukuwajali. Tulimsikiliza Tonton Bolila, kaka wa mama yangu, aliyesimama kando ya picha akiwasemea wote: mwizi, polisi, bibi harusi, hata farasi.

"Weye mupumbavu, unakimbia wapi? Mama mukwe yako iko nyuma ya mulango!" alimpigia mwizi kelele, nasi tukacheka mpaka machozi.

Jenereta ilipozimika, ndipo utamu ulipoanza. Aliendelea gizani na filamu yake mwenyewe, na hakuna aliyeondoka. Mwisho mama zetu walimpa lituma, ile ndizi ya kutwanga, na kichwa cha samaki. Siku aliyosimulia vibaya alipewa mkia. Hiyo ndiyo ilikuwa tuzo, na hakuna aliyeweza kuipata kwa hongo.

Tonton tumemzika juzijuzi. Niliposikia kwamba sherehe ya mwaka huu ya tuzo za filamu itawataja wasanii waliofariki, nilivaa nguo yangu nyeusi, nikapanda toleka, nikashika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili mpaka ukumbini. Nilitaka kitu kimoja tu: kusikia jina lake.

Nilisikia mengine. Mshindi wa kwanza alimshukuru msusi wake. Wa pili alishinda kwa filamu ambayo hakuna jirani yangu aliyeiona, na nadhani hata yeye hakuifikisha mwisho. Mwigizaji bora, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alilia bila chozi. Kama ndivyo alivyoigiza, Mungu atusaidie. Kila aliyekuja na koti la kung'aa alirudi na kikombe. Marehemu walitajwa mbiombio. Tonton hakuwemo.

Halafu umeme ukakatika. Mwigizaji bora akagonga kipaza sauti, akakigeuza, akakipulizia. "Bon, tungojee courant," akasema. Ukumbi mzima ukatoa simu. Kikombe mkononi, na hana hata neno moja la kutuambia bila waya!

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nilisimama.

"Kulikuwa Tonton Bolila," nikasema. "Courant ikienda, yeye ndiyo alikuwa anaanza."

Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, huyo alishinda nini?"

Kabla sijajibu, papa mmoja, mzee wa rika langu, akasema kutoka viti vya mbele, "Kichwa ya samaki! Kila wiki!"

Vijana wakatuangalia kama wagonjwa. Wao wana vikombe, mataa na miwani. Sisi tulikuwa na shuka moja na mtu mmoja. Tukacheka gizani, yule papa na mimi, na mimi nilikuwa sijacheka tangu matanga.