Kikohozi Chenye Masikio

Mpaka nimeoa, mpaka nimepata diplome ya shule ya jioni na kuitundika ukutani, niliamini kabisa kwamba kikohozi kina masikio. Simaanishi kwa mfano. Masikio yenyewe, mawili, ya kusikia. Ukiongea wakati sufuria ya dawa iko motoni, kikohozi kinajua kwamba kinapikiwa, kinateremka kujificha chini ya mbavu, na dawa ikija inakuta kifua kitupu.

Habari hiyo niliitoa kwa mama, na mimi ndiye niliyeieneza mji wetu wa Baraka mzima. Niliwaambia wenzangu kuwa kule Mboko mtu mmoja alipiga hadithi huku dawa yake inachemka, kisha akakohoa kwa nguvu mpaka samaki wote wa ziwani wakahamia upande wa Tanzania. Hakuna aliyeniuliza jina la mtu huyo. Wavuvi wenyewe walitikisa kichwa, wakasema ndiyo maana.

Kila kiangazi, upepo wa baridi ulipoteremka kutoka milima ya Minembwe na kuchanganyika na vumbi la barabara, kifua changu kilianza kupiga filimbi. Kilipiga vizuri, ningeweza kuimbia kwaya. Mama alikata lumbalumba nyuma ya nyumba, yale majani madogo yanayonukia hata kabla hujayagusa, akaongeza mchaichai na tangausi, tangawizi yetu, iliyopondwa kwa jiwe. Ndimu aliikamulia mwishoni. Asali ilikuwa ya mlimani, nyeusi, nzito, na aliificha mahali ambapo mimi pekee nilipajua, kwa hiyo haikudumu.

Alinikalisha kwenye mkeka kando ya mbabula, lile jiko letu la makaa. Na mimi, hata nikiwa mgonjwa wa kufa, mdomo wangu ulikuwa mzima. Nilieleza yaliyotokea shuleni, yasiyotokea, na yale ambayo yangepaswa kutokea. Hapo ndipo mama aliponikata:

“Nyamaza, we mutoto! Iko nasikiliza, kikohozi!”

Basi nikakaza midomo. Mama naye akaacha kupuliza makaa, akainama mpaka shavu lake likagusa shati langu. Nilidhani anakivizia, kama mtu anavyovizia panya kwenye tundu. Niliogopa hata kumeza mate. Nywele zake zilinuka moshi na mafuta ya mawese. Halafu sufuria ilifurika, akashtuka, akacheka, nami nikapewa kopo la dawa ya moto na kufunikwa blanketi nifukizwe mpaka nikaiva kama muhogo.

Mama alikufa kabla sijamuuliza anaweka nini kingine. Kwa sababu kuna kitu kingine, hilo sikuwa na shaka nalo. Mwaka hata mwaka nimepika dawa ile nyumbani kwangu, majani yale yale, asali ya mlima ule ule, na kwa ukimya wa kanisani. Inaponya. Lakini si ile. Nainywa, nafumba macho, nangoja nirudi kwenye ule mkeka, na ninabaki palepale kwenye kiti cha plastiki.

“Bamama ya jirani, mukuje muone!” mke wangu huita. “Huyu mwanaume anaongea mpaka mu usingizi, lakini mbele ya sufuria iko bubu! Nitakuwa namupikia lumbalumba kila siku.”

Kiangazi kilichopita nilichoka kukisia. Nikapanda pikipiki mpaka Lubondja, kwa mama mudogo, mdogo wake mama, aliyelelewa naye kwenye jiko moja. Kama kuna jani nililolisahau, yeye angelijua. Nilifika nakohoa, nusu ya vumbi la njia iko kooni.

Hakuniuliza mengi. Alikata majani, akaponda tangausi, akabandika sufuria. Lumbalumba, mchaichai, ndimu. Niliikodolea macho mikono yake, nikingoja ile siri itoke kwenye kitenge chake. Haikutoka.

“Bibi yako iko muzima?” aliuliza habari za mke wangu.

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo.

“Na batoto?”

Nikainua kidole gumba.

“Eh! We ndiye ulikuwa unachosha mpaka mbuzi kwa maneno. Leo mudomo umeacha Baraka?”

Nikamwonyesha sufuria, nikaweka kidole kwenye midomo. Alinitazama kama mtu anayetafuta homa.

Alipoepua, nikanywa. Ilikuwa tamu, ya moto, na ilikuwa sawasawa na ya kwangu. Hakuna jani nililolisahau. Nilikuwa nimeletwa na tumaini moja tu, na lilikuwa limeishia kwenye kopo. Machozi yalinitoka, nikasingizia tangausi.

“Si ya mama,” nikamwambia. “Na sikuongea hata neno moja, kikohozi kisitusikie.”

“Kisitusikie nani?”

Nikamweleza yote: masikio, mbavu, mtu wa Mboko, samaki. Nikamwigiza na mama, kwa sauti yake: iko nasikiliza, kikohozi. Mama mudogo alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Kisha akaacha kucheka, akakaa karibu yangu.

“Mutoto wa dada yangu, we na hiyo diplome yako. Kikohozi iko na masikio wapi? Mama yako hakusema ‘iko’. Alisema ‘niko’, vile mama yetu alikuwa anatuambia sisi. ‘Niko nasikiliza kikohozi.’ Ulikuwa unapiga makelele, yeye alikuwa anatafuta kusikia kifua yako, kama ungali unapumua muzuri.”