Cherehani Ikinyamaza

Dada yangu ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kimepakana na chumba anacholala binti yake. Mtoto alishinda humo akitega sikio ukutani badala ya kwenda shule. Kila asubuhi tumbo lilimuuma. Madaktari walimpima wakachoka, hawakuona kitu. Mwalimu mkuu naye akatuonya kwamba asiporudi muhula ule, nafasi yake atapewa mwingine.

Shemeji yangu, mtu wa maneno makavu, alisema ule ni uvivu mtupu. Dada alikonda kwa hofu ya kumpoteza mwanawe kwa maradhi yasiyo na jina. Mimi sijui kukaa pembeni, nikawakokota wote watatu kwa mshauri wa familia, huku shemeji akinung'unika njia nzima kwamba mgonjwa ni mmoja, sasa yeye anakwenda kutibiwa nini.

Mshauri hakuuliza habari za tumbo. Alimuuliza binti anaogopa kitatokea nini nyumbani akiwa shuleni. Mtoto akamtupia baba yake jicho. Nikaliogopa jibu kabla hajalitoa.

"Cherehani ikinyamaza," alisema mwishowe, "najua mama ameanguka tena."

Mwaka uliopita dada alizimia akiwa kazini, uso juu ya kitambaa, na aliyemkuta ni huyu mtoto, peke yake. Ilikuwa presha. Dada alipewa dawa akapata nafuu, na shemeji akapiga marufuku jambo lile kutajwa, ati mtoto asahau. Kumbe mwenzetu yuko lindoni tangu siku ile.

"Nilikataza kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, mwanangu," shemeji alisema.

Walirudi kwa mshauri mara kadhaa. Dada akamweleza binti yake ugonjwa wote bila kuficha. Shemeji akajifunza kumpima mkewe presha, akawa anajivuna kama daktari bingwa. Kisha wakakubaliana kwamba asubuhi ya kurudi shule, dada atasimamisha cherehani makusudi mtoto akiwa bado anaisikia, asimwite, na mtoto asigeuke.

Nilikuwepo asubuhi hiyo. Viatu vilitoka mlangoni vikashika uchochoro. Dada akaondoa mguu kwenye pedali, nyumba ikawa kimya. Viatu vikasimama.

Dada alinibana mkono hadi nikaumia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka amwite, akauziba kwa kiganja. Shemeji alisimama nyuma ya pazia, jasho likimtoka. Nilijua mtoto akirudi ndani sasa, shule ndiyo basi.

Viatu vikaanza tena, polepole, halafu upesi, mpaka hatukuvisikia. Dada akarudisha mguu kwenye pedali, lakini ulitetemeka mno, hakuweza kushona.