Misheni za Jaffar

Kaka yangu Jaffar alikuwa bingwa wa vita vya angani, na hata ndege ya kwenda Unguja ilikuwa ikimtapisha. Mchana aliuza kadi za simu Edgware Road, hapa London. Akirudi kwetu Woolwich anakaa mbele ya kompyuta, anatunga misheni. Ulikuwepo mchezo wa kupigana kwa vyombo vya anga, na waliouunda waliwaachia wachezaji nafasi ya kujitungia mapambano yao: unapanga vyombo, unaamua adui atokee wapi, unaandika amri za rubani. Wengine walitunga za kuua tu. Kwenye za Jaffar ulikabidhiwa chombo kimejaa wazee na watoto, ukaambiwa wavushe hawa. Ukimkimbiza adui kwa uroho wa sifa, huku nyuma wanalipuliwa. Mimi nisiyejua kucheza nililia siku moja, sikuona haya.

Alitaka jambo moja tu: kampuni yenye mchezo ule imwajiri. Ilikuwa ikichukua watunzi kutoka kwa mashabiki, na kila misheni aliyoitoa aliitoa kwa tamaa hiyo.

Intaneti hatukuwa nayo. Alikuwa nayo Ziyad, kule Tooting. Huyu Ziyad mamake alifariki yeye akiwa mchanga, Mama akamnyonyesha pamoja na Jaffar. Kwetu huyo ni ndugu kamili. Hata mimi nilikuwa nikikaa mbele yake bila mtandio. Basi Jaffar akimpa misheni kwenye diski, Ziyad anazituma kwenye tovuti ya mchezo ule. Mara ya kwanza aliuliza aandike jina gani. Jaffar akamjibu, "Andika lolote. Mimi na wewe si tumenyonya ziwa moja?"

Ndivyo tulivyolelewa. Ukianza kumwambia ndugu yako hiki changu, hicho chako, unaonekana una choyo.

Idd ya mwaka 2000 Ziyad akaja na sinia la halua na habari: amepata kazi kwenye kampuni ile ile. Mama akapiga kigelegele. Jaffar akamkumbatia, wallahi alifurahi, akamuuliza walipenda nini kwake.

Ziyad akaangalia zulia. "Zile misheni."

"Zipi?"

"Zile zako."

Jaffar akamwachia. "Uliwaambia nani kazitunga?"

"Si ulisema mwenyewe niandike lolote?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilimtolea Ziyad maneno ambayo hayasemwi siku ya Idd, na sijutii hata moja. Jaffar hakuhangaika naye. Alimgeukia Mama. "Mwambie awapigie simu, awaeleze kweli. Wewe hawezi kukukatalia."

Na kweli asingeweza, sote tulijua. Mama akiamuru, Ziyad angepiga simu pale pale, na Jaffar angepata haki yake.

Mama akaweka birika mezani. "Kazi keshaipata nduguyo," akasema. "Imebaki nyumbani."

"Na ingekuwa mimi ndiye niliyemwibia?"

"Ningekufukuza," Mama alisema, bila hata kufikiri. "Huyu ni yatima, Jaffar. Mamake aliniachia amana. Wewe ni wangu, utanivumilia."

Mpaka hapo hasira zangu zote zilikuwa kwa Ziyad. Jaffar akavaa viatu, akambusu Mama mkono kwa adabu zote, akatoka.

Siku hizi amepanga chumba ng'ambo ya pili ya mji. Kompyuta aliiuza, misheni hataki hata kuzisikia. Kila Ijumaa anampigia Mama simu: hujambo, dawa unakunywa, haya, kwaheri. Ziyad ndiye anayekuja, analetewa chai, anasifiwa kazi yake, na mimi navaa mtandio wangu anapoingia.

Juzi Mama aliniuliza, "Time, mbona kakako anazungumza nami kama mgeni?"

Nikamwambia, "Anakuvumilia, Mama."